Mchoro wa kocha au macho ya mchezaji?

ZILIKUWA zimebaki sekunde 28 pale Derrick Coleman wa Syracuse alipokosa mtupo wa adhabu. Ubao ulisomeka 73-72, Syracuse wakiwa mbele, na mpira ukaangukia mikononi mwa Indiana. Ilikuwa fainali ya kikapu ya vyuo vikuu vya Marekani, mjini New Orleans, Machi 30, 1987.

Wengi walitegemea kocha wa Indiana, Bob Knight, angeomba taimauti na kuwachorea vijana wake nani apige mpira wa mwisho. Hakuomba. Akawaacha wapandishe mzigo wenyewe.

Syracuse walimganda Steve Alford, ambaye usiku ule alishatumbukiza mitupo saba ya pointi tatu. Mpira ukaenda kwa Daryl Thomas, akakuta amebanwa. Badala ya kulazimisha, akaurudisha kwa Keith Smart aliyeteleza pembeni kushoto. Smart akaruka, akatupa. 74-73, na Knight akabeba ubingwa wake wa tatu.

Bao lile ndilo wanaloanza nalo watetezi wa mchezo wa mwendo kila ubishi unapozuka.

Kwa shabiki wa soka ni rahisi kuelewa. Mchoro ni kama kona au frikiki iliyofanyiwa mazoezi: kocha anataja jina lake, kila mmoja anajua akimbilie wapi na mpigaji ni nani. Mwendo ni soka la pasi. Ukishaachia mpira unakatiza kuelekea kikapuni, au unasimama njiani kama nguzo ili mlinzi wa mwenzako akwame. Hakuna mpigaji aliyeteuliwa, anapiga aliye huru.

Raha ya mwendo ni kwamba mpinzani hawezi kuusoma kwenye video, kwa sababu hata wanaoucheza hawajui utaishia wapi. Mchoro unasomeka. Wapinzani wakiuona mara tatu, mabeki wanaanza kuelekezana kabla hata haujaanza.

Lakini mwendo unakula muda, na muda ndio uliopungua. Knight alipotwaa taji la 1976 bila kupoteza mechi hata moja, 32-0, vyuo havikuwa na saa ya kushambulia. Ungeweza kupiga pasi hadi mlinzi achoke. Ikaja saa ya sekunde 45, zikawa 35, na tangu msimu wa 2015/16 ni 30.

Wachezaji nao hawakai. Tangu 2006 wenye vipaji vikubwa wengi wanasoma mwaka mmoja tu, kisha hao NBA. Kufundisha vijana watano wasomane bila kusemeshana si kazi ya miezi sita. Kocha wa namna hiyo anaona heri achore. (Ingawa, kusema kweli, Smart mwenyewe alikuwa msimu wake wa kwanza Indiana.)

Connecticut, chuo ambacho Wabongo wanakijua kwa sababu ya Hasheem Thabeet, wamekataa kuchagua. Kocha Dan Hurley ametwaa ubingwa wa 2023 na 2024 kwa rundo la michoro, ila mchoro ukizibwa mpira hausimami. Vijana wanaendelea kukatiza na kukingana hadi mtu apatikane.

Ila mfano mtamu zaidi ni wa Houston, Aprili 4, 2016. Villanova ya Jay Wright ilikuwa timu ya mwendo, na iliwachapa Oklahoma 95-51 kwenye nusu fainali. Fainali ikawa ngumu. Zikiwa zimebaki sekunde 4.7, Marcus Paige wa North Carolina akatupa mpira wa ajabu akiwa hewani, ikawa 74-74.

Wright akafanya alichokataa Knight, akaita taimauti. Mchoro ulikuwepo tayari, unaitwa Nova, na vijana walikuwa wameurudia mazoezini mpaka basi. Kris Jenkins anaurusha mpira ndani, Ryan Arcidiacono anapanda nao kasi, Daniel Ochefu anamzibia mlinzi wake katikati ya uwanja.

Mchoro ulimfikisha Arcidiacono mbele tu. Kuanzia hapo ilikuwa juu yake, apige mwenyewe au atafute mtu. Alikuwa mwaka wa nne chuoni, mechi ya mwisho ya maisha yake pale, na kwa mchezaji wa namna hiyo kishawishi cha kupiga si kidogo. Nyuma yake Jenkins, ambaye mabeki walishamsahau, alikuwa anapiga kelele akiita jina lake.

Akamwachia. Taa nyekundu ikawaka mpira ukiwa hewani, ukazama, 77-74. Tuzo ya mchezaji bora wa hatua ile ya mwisho alipewa Arcidiacono, aliyetoa pasi.