Rekodi za afya mtandaoni: Kuona faili hakutoshi, mgonjwa apewe ufunguo

Katika zahanati na hospitali nyingi za umma humu nchini, mgonjwa hufika akiwa na daftari la kawaida la shule mkononi. Daktari huandika humo dalili, vipimo na dawa, kisha humrudishia mwenyewe aende nalo nyumbani.

Mama mjamzito naye hupewa kijitabu cha afya ya mama na mtoto. Humo huandikwa mambo yote ya kliniki, tangu siku za ujauzito hadi uzito na chanjo za mtoto baada ya kuzaliwa.

Daftari hilo lina kasoro zake. Hunyeshewa, hutafunwa na panya na husahaulika kwenye matatu. Mgonjwa akihamia mji mwingine bila hilo, daktari mpya hulazimika kuanza upya kana kwamba mtu huyo hajawahi kuugua.

Hata hivyo, lina sifa moja ambayo ni nadra kutajwa. Hakuna anayelisoma isipokuwa yule ambaye mgonjwa amemkabidhi. Mwenye daftari ndiye mwenye kauli.

Sifa hiyo imo hatarini wakati huu ambapo rekodi za afya zinahamishwa kutoka kwenye karatasi hadi kwenye tarakilishi. Kila mwananchi anafaa kujiuliza: rekodi ikishaondoka mkononi mwa mgonjwa na kuingia mtandaoni, ufunguo wake unabaki na nani?

Kenya si mgeni katika safari hii. Mwaka wa 2001, kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na mji wa Eldoret, kilianza kuhifadhi rekodi za wagonjwa kwa tarakilishi kupitia ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani.

Ujuzi uliopatikana huko ulichangia kuundwa kwa OpenMRS, programu isiyolipiwa ambayo imeenea katika mataifa mengi yanayostawi. Mfumo wa KenyaEMR, uliowekwa katika kliniki nyingi zinazohudumia watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi, umejengwa juu ya programu hiyo.

Mifumo hiyo imeokoa maisha kwa kumkumbusha mhudumu ni nani aliyekosa dawa na ni nani anayestahili kupimwa tena. Lakini iliundwa kwa ajili ya daktari, muuguzi na wizara. Mwenye ugonjwa hakutengewa mlango wake wa kuingilia.

Athari za kumweka mgonjwa kando zilionekana Februari 2015. Agizo la Rais lilitaka kukusanywa kwa orodha ya watoto wa umri wa kwenda shule wanaoishi na virusi vya Ukimwi, walezi wao, pamoja na akina mama wajawazito na wanaonyonyesha walio na virusi hivyo. Lengo lililotajwa lilikuwa kupanga huduma bora.

Watetezi wa haki walielekea mahakamani. Mnamo Desemba 2016, Mahakama Kuu iliamua kwamba agizo hilo lilikiuka Katiba, ikiwemo haki ya faragha iliyo katika kifungu cha 31. Nia njema ya serikali haikutosha kuhalalisha majina ya watu kuunganishwa na ugonjwa wao katika orodha moja.

Kesi hiyo inaonyesha kwamba rekodi ya afya ni tofauti na rekodi ya umeme au maji. Inaweza kumnyima mtu kazi, ndoa au heshima kijijini. Ndiyo maana kumruhusu mgonjwa kuisoma ni hatua ya kwanza tu. Anahitaji pia kujua ni nani mwingine aliyeisoma, na awe na uwezo wa kumzuia.

Nchi moja ndogo ya Ulaya ina tajriba ndefu kuhusu jambo hili. Estonia, yenye watu takriban milioni 1.3, ilizindua mfumo wa kitaifa wa rekodi za afya mwaka wa 2008. Hospitali na madaktari hutuma humo taarifa za matibabu, na tangu 2010 maagizo ya dawa pia hupitia mtandaoni, hivi kwamba mgonjwa huchukua dawa kwa kuonyesha kitambulisho tu.

Raia huingia katika mfumo huo kwa kitambulisho chake cha kielektroniki na kuona aliyoandikiwa na madaktari. Aidha, huona orodha ya watu waliofungua rekodi yake, pamoja na wakati walipofanya hivyo. Mhudumu anayechungulia faili ya jirani au ya mtu mashuhuri bila sababu huacha alama ambayo mwenyewe anaweza kuiona na kulalamika.

Zaidi ya hayo, mgonjwa wa Estonia anaweza kufunga taarifa fulani, au rekodi yote, isionekane na madaktari. Anaweza pia kumteua mtu mwingine amwakilishe, kwa mfano mzazi mkongwe anapomwachia mwanawe shughuli hizo.

Uwezo huo una gharama yake. Anayefunga rekodi anaweza kumnyima daktari habari muhimu, kama vile dawa inayomdhuru au upasuaji aliowahi kufanyiwa. Waestonia wameachiwa wenyewe wapime hasara na faida, jinsi mwenye daftari anavyoweza kuliacha nyumbani siku asiyotaka lisomwe.

Je, kusoma rekodi kunamsaidia mgonjwa kweli? Madaktari wengi waliwahi kuhofia kwamba wagonjwa wangetishwa na lugha ya kitaalamu, au wangewasumbua kwa maswali yasiyoisha. Hofu hiyo ilipimwa nchini Marekani kuanzia 2010, katika mradi ulioitwa OpenNotes.

Madaktari 105 wa Boston, Seattle na jimbo la Pennsylvania waliwafungulia wagonjwa zaidi ya 13,000 maandishi yao kwa mwaka mmoja. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2012. Kati ya asilimia 60 na 78 ya waliokuwa wakitumia dawa walisema walizingatia maagizo ya daktari vyema zaidi baada ya kusoma. Waliosema kuwa maandishi hayo yaliwachanganya, kuwatia wasiwasi au kuwaudhi hawakuzidi asilimia 8.

Muda wa majaribio ulipokwisha, hakuna daktari hata mmoja aliyeamua kujiondoa. Tangu Aprili 2021, kanuni za serikali ya Marekani zinawataka watoa huduma za afya wawape wagonjwa maandishi hayo kwa njia ya kielektroniki bila malipo.

Hata hivyo, wagonjwa wenyewe walitoa tahadhari. Katika utafiti huo huo, kati ya asilimia 26 na 36 walikuwa na wasiwasi kuhusu faragha yao. Manufaa ya kusoma hayakuwaondolea hofu ya kusomwa.

Njia nyingine iliyojaribiwa ilikuwa kumwachia mgonjwa kila kitu. Kampuni ya Google ilianzisha huduma ya Google Health mwaka wa 2008 ili kila mtu aweke na kutunza rekodi zake mwenyewe. Huduma hiyo ilifungwa Januari 1, 2012 baada ya kukosa watumiaji wa kutosha. Microsoft nayo ilikuwa na HealthVault tangu 2007, ikaifunga mwishoni mwa 2019.

Somo la hapo ni rahisi. Mgonjwa alipewa kabati lenye kufuli zuri, lakini mara nyingi alilazimika kulijaza mwenyewe. Kama hospitali, maabara na duka la dawa haziingizi taarifa humo, ufunguo hufungua kabati tupu.

Kabati likijaa, huwavutia wezi. Nchini Finland, wadukuzi waliiba rekodi za wateja wa kituo cha tiba ya kisaikolojia kilichoitwa Vastaamo. Habari hizo zilipofichuka Oktoba 2020, ilibainika kwamba zaidi ya watu 30,000 walikuwa wameathiriwa.

Kampuni ilipokosa kulipa kikombozi, wagonjwa wenyewe walitumiwa barua pepe za kuwatisha kwamba siri walizomweleza mtaalamu zingeanikwa wasipolipa. Mtu aliyeibiwa nywila anaweza kuibadilisha, lakini siri ya moyoni ikishatoka hairudi.

Kwa Mkenya, maswali haya yamekaribia mlangoni. Mwaka wa 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Afya ya Kidijitali, ambayo ilinuia kuunda mfumo mmoja wa kuunganisha taarifa za afya nchini na wakala wa kuusimamia.

Julai 2024, Mahakama Kuu iliitangaza sheria hiyo na nyingine mbili za afya kuwa kinyume cha Katiba, hasa kwa misingi ya ushirikishaji wa umma. Mahakama ya Rufaa ilisitisha makali ya uamuzi huo Septemba mwaka huo, na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ikaanza kazi Oktoba 1, 2024 mahali pa hazina ya NHIF.

Mamilioni ya wananchi walijisajili kwa kubonyeza *147# kwenye simu au kupitia tovuti ya AfyaYangu. Baadhi yao walisaidiwa na wahudumu wa afya ya jamii, na wengine na vijana wa saiba.

Msaada huo ulifaa, lakini una funzo. Anayekuundia nywila na kuiandika kwenye kijikaratasi chake ndiye anayebaki na ufunguo. Kadhalika, katika nyumba ambamo simu moja hutumiwa na watu wanne, matokeo ya kipimo yanayotumwa kwa ujumbe mfupi yanaweza kusomwa kwanza na mume, mke au mtoto.

Kwa hivyo, mfumo wowote utakaomfungulia Mkenya rekodi zake unafaa kupimwa kwa mambo manne. Kwanza, aweze kusoma kila kilichoandikwa juu yake, kwa lugha anayoielewa. Pili, aone ni nani aliyefungua faili yake na lini.

Tatu, aweze kufunga sehemu anazotaka zibaki siri, hata mbele ya jamaa anayetumia simu ile ile. Nne, awe na njia ya kusahihisha makosa, maana jina au tokeo lililoingizwa kimakosa linaweza kumfuata mtu maisha yake yote.

Sheria tayari inampa mgonjwa silaha kadhaa. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kutaka habari zisizo za kweli zinazomwathiri zirekebishwe au zifutwe. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 nayo inaziweka habari za afya katika kundi la data nyeti, na inampa mwenye data haki ya kuzipata.

Kwa mujibu wa kanuni za sheria hiyo za 2021, ombi la mtu kupewa data yake linafaa kutimizwa ndani ya siku saba bila malipo, na ombi la kusahihisha ndani ya siku 14. Anayenyimwa anaweza kulalamika kwa Kamishna wa Data. Data zikiibwa na kuwe na hatari ya madhara kwa wenyewe, aliyekuwa akizihifadhi anatakiwa kumfahamisha Kamishna katika muda wa saa 72.

Haki hizo hazingoji mfumo mpya wala simu ya bei ghali. Mgonjwa anayetoka hospitalini leo anaweza kuomba nakala ya matokeo yake kwa maandishi, akauliza yamehifadhiwa wapi na ni nani anayeyaona. Hospitali zinazozoea kujibu maswali hayo kwa karatasi zitakuwa na kazi nyepesi zitakapotakiwa kuyajibu kwa tarakilishi.

Wanaounda mifumo nao wana deni. Ni rahisi kuweka ukurasa wa kumwonyesha mgonjwa tarehe za kliniki na kuuita ushindi. Ni kazi kubwa kumwonyesha majina ya waliomchungulia, kwa sababu hilo humweka mkubwa wa ofisi chini ya jicho la mwananchi wa kawaida.

Daftari la shule halikuwa na uwezo wa kuvuka kaunti wala kumkumbusha mtu siku ya dawa. Tarakilishi inaweza kuyafanya yote hayo. Lakini mgonjwa aliyekuwa na kauli juu ya daftari lake la shilingi chache hastahili kuipoteza kwa sababu tu rekodi yake imehamia mahali pa kisasa zaidi.