Uchungu Unapotangulia Wakati

Mimba huhesabiwa wiki 40, na mtoto azaliwaye kabla ya wiki 37 kutimia huitwa njiti. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watoto milioni 13.4 walizaliwa hivyo mwaka 2020. Mara nyingi chanzo hakijulikani, hivyo si haki kumlaumu mama. Hata hivyo, yapo mambo yanayoongeza hatari.

Aliyewahi kujifungua njiti hana budi kulieleza hilo siku ya kwanza ya kliniki, hata asipoulizwa. Vivyo hivyo mwenye mimba ya mapacha, shinikizo la damu, kisukari au mlango wa kizazi uliolegea: hawa huhitaji uangalizi wa karibu zaidi.

Maambukizi ndiyo tunayotaka kuyasisitiza, kwa kuwa mengi hutibika. Maambukizi ya njia ya mkojo huweza kukaa kimya bila maumivu. Ndiyo maana mkojo hupimwa hata kwa mama anayejiona mzima. Kaswende nayo hupimwa kwa damu. Vimelea vya malaria hujificha katika kondo la nyuma, na mama huenda asipate homa kabisa. Penye malaria nyingi, dawa ya SP hutolewa kuanzia wiki ya 13, kwa nafasi ya mwezi mmoja au zaidi kati ya dozi na dozi. Anayetumia kotrimoksazoli kwa sababu ya VVU hapewi SP. Chandarua hakiachwi kwa sababu dawa imemezwa.

Tumbaku ni hatari, na ugoro ni tumbaku. Kushika mimba upesi baada ya kujifungua pia huongeza hatari. Tunashauri kusubiri walau miaka miwili.

Tumbo likikaza na kuachia mara kwa mara, kiuno kikiuma kwa vipindi, maji au damu ikitoka kabla ya wiki 37, mama apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata ikiwa usiku wa manane. Ipo sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto, ambayo daktari huweza kuitoa kati ya wiki ya 24 na ya 34, lakini huhitaji saa kadhaa kufanya kazi. Kadi ya kliniki isisahaulike nyumbani: hesabu ya wiki imo humo.