Usalama wa Fundi Paa Huanzia Chini

Paa la nyumba isiyo na ghorofa huonekana kuwa karibu na ardhi, na ukaribu huo huwahadaa wajenzi. Fundi anayeteleza kutoka kimo cha mita 3 hufika chini kabla ya sekunde 1 kutimia, kwa mwendo unaokaribia kilomita 28 kwa saa. Kishindo hicho chatosha kupasua fuvu au kuvunja uti wa mgongo. Neva za uti zikikatika, miguu hupooza, na hakuna upasuaji wa kuzirejesha.

Mkandarasi aweza kudhani kwamba akinunua mikanda ya usalama ametimiza wajibu wake. Hesabu ndogo yakanusha dhana hiyo. Kamba ya mita 2 iliyofungwa usawa wa nyayo haikazi mpaka mgongo wa fundi ushuke mita 2 chini ya fundo. Kabla ya hapo miguu yake itakuwa imekwisha kugonga ardhi.

Ndiyo maana mpango madhubuti huuweka mkanda mwishoni. Kwanza, kazi zinazoweza kufanyika chini, kama kupima na kukata mabati, zifanyike chini. Pili, pajengwe jukwaa imara lenye vizuizi ukingoni mwa paa. Tatu, kwa kila mita 4 za kimo, kitako cha ngazi kiwe mita 1 kutoka ukutani, na ncha yake ipite ukingo kwa takriban mita 1.

Nchini Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 imemkabidhi mwajiri jukumu la kuwalinda wafanyakazi wake. Jukumu hilo lagusa hata ujira: kibarua anayelipwa kwa siku atapanda juu ya bati lililolowa ili watoto wake wasilale njaa. Mpango usiomlipa saa za mvua ndio unaomsukuma juu.

Ajali ikitokea, majeruhi asinyanyuliwe kwa mikono na miguu. Kichwa, shingo na mgongo vibaki katika mstari mmoja. Ikilazimu kumhamisha, watu kadhaa wamgeuze kwa pamoja na kumlaza juu ya ubao mpana. Ubao haukosekani mahali pa ujenzi; kinachotakiwa ni watu waliofundishwa kuutumia kabla ya fundi wa kwanza kupanda ngazi.