Tela kubwa lililolala zizini: Hesabu ya mkulima aliyehamia gari dogo la kulala

MWEZI Agosti 2012 bei ya mahindi nchini Marekani ilivuka dola nane kwa busheli. Busheli moja ya mahindi ni kilo 25.4, kwa hiyo gunia la kilo 100 lilikaribia dola 32. Ukame ulikuwa umeunguza mashamba ya majimbo ya kati, na mkulima aliyekuwa bado na akiba ghalani aliuza kwa bei ambayo hakuwahi kuiona maishani.

Mmoja wao ni mkulima wa Iowa ambaye miaka michache baadaye alinipangisha chumba, nilipokuwa huko nikisomea uchumi wa kilimo. Kwa fedha zile alimaliza deni la kombaini, akaezeka upya banda la ng'ombe, kisha akanunua tela la safari lenye urefu wa mita tisa kwa dola 28,000.

Msomaji asifikirie tela la kubebea magunia. Hili ni nyumba kamili juu ya magurudumu: kitanda cha wazazi mbele, vitanda vya ghorofa vya watoto nyuma, jiko la gesi, choo, bafu na meza ya watu wanne. Halina injini. Linafungwa nyuma ya pikapu, linavutwa hadi kambini, linasimamishwa kwa jeki, na pikapu inabaki huru kwenda dukani. Kwa familia inayokaa mahali pamoja wiki nzima, hakuna mpango wa gharama nafuu kuliko huo, na kwa mkulima ambaye tayari ana pikapu kubwa ya shambani mpango unaonekana mzuri zaidi. Ndivyo mwenyeji wangu alivyojieleza: nusu ya mtaji ninayo, nanunua nusu iliyobaki.

Mkewe ndiye mtunza daftari wa nyumba ile. Kila usiku waliolala ndani ya tela aliuandika. Mwaka 2013 walilala usiku 31. Uliofuata 19, kisha 13, kisha tisa, na mwaka 2017 usiku nane. Jumla ni usiku 80 kwa miaka mitano, wastani wa usiku 16 kwa mwaka.

Kwa nini ulipungua? Sababu ya kwanza ni kilimo chenyewe. Iowa hupanda mahindi na soya mwezi Aprili na Mei, na huvuna kuanzia Septemba hadi Novemba. Nafasi ya safari ni Juni hadi Agosti, nayo si tupu, kwa kuwa kuna kupulizia dawa na kufyeka. Pikapu ikiondoka na tela, shamba linabaki bila pikapu. Mpwa wake aliyebaki akisimamia kazi alilazimika kubeba mafuta na vipuri kwenye gari dogo la mama yake. Ile "nusu ya mtaji" iliyohesabiwa kuwa ya bure ilikuwa na kazi nyingine wakati ule ule. Sisi wachumi tuna jina la gharama hii, lakini yule kijana alikuwa nalo lake, tena kali zaidi.

Sababu ya pili ni uzito. Tela likiwa na maji, gesi, vyombo na nguo lilifika kilo 3,400 hivi. Kwa tela la namna hii, asilimia 10 hadi 15 ya uzito inatakiwa ikae kwenye ndoano ya gari linalovuta. Ukipunguza mbele na kulundika mizigo nyuma, tela linaanza kuyumba kama mkia wa samaki, na katika mwendo wa barabara kuu linaweza kulipindua gari lenyewe. Kwa hiyo kilo 340 hadi 510 zilikuwa juu ya pikapu kabla mtu yeyote hajapanda. Ongeza watu wanne, kreti za zana na baiskeli. Muuzaji alikuwa amesema pikapu inaweza kuvuta zaidi ya tani tano, na ni kweli, lakini kiwango cha mzigo unaobebwa na pikapu yenyewe kiliisha mapema sana kabla ya kile cha kuvuta. Wanaonunua mkokoteni wa trekta au tela la pawatila waliangalie jambo hili pia: kuvuta na kubeba ni namba mbili tofauti.

Mkewe aliacha kuendesha baada ya siku moja ya upepo mkali huko Dakota Kusini. Tangu hapo dereva akawa mmoja, na safari zikafupika.

Walipoliuza tela mwishoni mwa 2017 walipata dola 14,000. Hapo ndipo mwenyeji wangu alipoweka daftari mezani na kuniambia, haya msomi, fanya kazi uliyokuja kuisomea.

Hesabu haikuwa ngumu. Thamani iliyopotea ni dola 14,000 kwa miaka mitano, yaani 2,800 kwa mwaka. Bima, usajili, matairi na kulitayarisha kwa majira ya baridi vilikula kama 900 kwa mwaka. (Iowa maji huganda, na mabomba yasiyokaushwa hupasuka. Matairi nayo huzeeka kwa miaka hata kama hayakutembea.) Jumla ni dola 3,700. Gawanya kwa usiku 16: dola 231 kwa usiku mmoja, kabla ya mafuta na ada ya kambi. Chumba cha hoteli ya kawaida kando ya barabara, cha watu wanne, walikuwa wakikilipia chini ya dola 100.

Kwa lugha ya shamba ilikuwa chungu zaidi. Kwa bei ya dola nane kwa busheli, tela lilimgharimu mahindi yapatayo magunia 890 ya kilo 100. Mwaka 2017, bei ikiwa karibu dola 3.30, tela lile lile kwa bei yake ya dukani lingedai magunia zaidi ya 2,100. Alinunua kwa kipato cha mwaka mmoja wa neema kitu kilichohitaji kutunzwa miaka yote ya dhiki iliyofuata. Msomaji wa Mtwara aliyeuza korosho msimu wa 2017/18 kwa zaidi ya shilingi 4,000 kwa kilo, kisha akauona msimu uliofuata, hahitaji kuelezwa.

Nilidhani wataachana na mambo haya kabisa. Badala yake mwanzoni mwa 2018 walinunua gari la kulala, lenye injini yake, la urefu wa mita 7.3, lililotumika miaka mitatu, kwa dola 52,000. Nilipinga. Niliwaambia mtu hatibu hasara kwa kununua kitu cha bei maradufu. Leo nakiri kwamba nilikosea, ingawa si kwa kila kipengele.

Gari la namna hii hujengwa juu ya fremu ya gari la mizigo la kawaida. Lina vitanda vinne, na mama alisisitiza kuhesabu mikanda ya viti, si vitanda tu, kwa sababu magari mengi yana nafasi ya kulala watu wanne lakini mikanda salama miwili au mitatu. Ni kipengele ambacho wauzaji hawakitaji mpaka uulize.

Gharama za mwaka zilipanda. Nilikadiria thamani itashuka dola 3,200 kwa mwaka, na bima, usajili na matengenezo vifike 1,800. Jumla 5,000. Lakini mwaka wa kwanza walilala usiku 40. Hiyo ni dola 125 kwa usiku. Bado ni ghali kuliko hoteli, na sikuwaficha, ila ni karibu nusu ya ilivyokuwa. Mafuta nayo yalipungua: pikapu ikivuta tela ilikwenda kilometa nne kwa lita, gari jipya sita na nusu. Kwa safari ya kilometa 2,000 tofauti ni karibu lita 200.

Usiku uliongezeka kwa sababu mbili rahisi. Mke alirudi kwenye usukani, na pikapu ilibaki shambani. Mwisho wa juma wa siku mbili, ambao zamani haukutosha hata kufunga na kufungua tela, ukawa safari.

Kasoro zipo. Ukitaka mkate lazima uikunje nyumba nzima uende nayo. Injini ikiharibika, vitanda vinaingia gereji pamoja nayo, na familia inatafuta hoteli. Katika hifadhi ya Glacier, Montana, barabara maarufu ya Going-to-the-Sun hairuhusu chombo kinachozidi mita 6.4 sehemu yake ya juu. Gari "dogo" la mita 7.3 lilizuiwa, wakapanda basi la hifadhi. Pikapu ya zamani, ikiwa imeachana na tela, ingepita.

Makadirio yangu ya thamani nayo yalivurugika. Baada ya ugonjwa wa Uviko-19 Wamarekani walikimbilia vyombo hivi. Mwaka 2021 viwanda vilipeleka sokoni zaidi ya 600,000, rekodi ya sekta hiyo. Muuzaji mmoja akampa mwenyeji wangu bei ile ile aliyonunulia. Hakuuza. Mwaka 2023 idadi ilishuka hadi takriban 313,000, na bei ile ikaondoka nayo. Mkewe hakumlaumu, daftari lilionyesha usiku 46 mwaka ule wa 2021.

Na lile tela? Lilinunuliwa na fundi wa mitambo ya umeme wa upepo, anayehamahama na kazi. Analilaza eneo la kazi miezi kumi kwa mwaka na kulihamisha mara mbili au tatu tu. Hata kama linapoteza dola 2,000 kila mwaka, kwa usiku 300 hiyo haifiki dola saba.