Korongo la Ol Njorowa: Njia Iliyochongwa na Maji

Kusini ya ziwa Naivasha, nchini Kenya, liko korongo liitwalo Ol Njorowa. Limo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Hell's Gate, iliyoanzishwa mwaka 1984. Mtu mwenye afya ya kawaida aweza kulitembelea kwa miguu na kurudi siku hiyo hiyo. Hahitaji ujuzi wa kupanda milima. Hapa na pale hushika mwamba na kuteremka hatua chache tu.

Wepesi huo una asili yake. Miaka elfu kadhaa iliyopita Afrika ya Mashariki ilikuwa na mvua nyingi kuliko leo, na ziwa Naivasha lilikuwa kubwa zaidi. Maji yake yalifurika kuelekea kusini, yakapita kati ya vilima vya volkano na kukuta jivu lililoshindiliwa likawa jiwe laini. Jiwe la namna hiyo hulika upesi. Ziwa lilipopungua, mto ule ulikoma na mfereji wake ukabaki mkavu. Tangu hapo maji ya mvua yameendelea kuuchonga, hata mahali pengine kuta zimekaribiana mno na anga huonekana kama utepe.

Mwanafunzi wa jiografia atafurahi humo. Ataona tabaka za jivu zilizopangana, na vipande vya jiwe jeusi linalong'aa mfano wa kioo, ambalo ni lava iliyopoa kwa haraka. Atakuta pia maji ya moto yakichuruzika ukutani. Joto hilo latokana na chanzo kile kile kinachoendesha mitambo ya umeme ya Olkaria, iliyo jirani, tangu mwaka 1981.

Lakini mfereji ni mfereji, hata ukiwa mkavu. Tuchukue mfano wa hesabu. Mvua ya milimeta 20 ikinyesha juu ya eneo la kilometa moja ya mraba, huleta meta za ujazo 20,000 za maji. Tuseme nusu yake inanywewa na ardhi, na nusu nyingine inapita korongoni kwa muda wa dakika 30. Hiyo ni zaidi ya meta za ujazo 5 kila sekunde. Penye upana wa meta 2, maji yakienda kwa mwendo wa meta 2 kwa sekunde, kina chake kitakuwa karibu meta moja na nusu. Hakuna mtu awezaye kusimama katika mkondo wa namna hiyo. Ifahamike pia kwamba mwendo ukiongezeka mara mbili, msukumo wa maji huongezeka mara nne.

Wala si lazima mvua inyeshe pale alipo msafiri. Mwezi wa Agosti 1997, huko Antelope Canyon nchini Marekani, watalii 11 walikufa kwa mafuriko yaliyotokana na mvua iliyonyesha mbali. Ol Njorowa nako, mwezi wa Aprili 2012, vijana 7 wa kundi la kanisa walisombwa wakafa. Na mwezi wa Septemba 2019 wakafa watalii pamoja na kiongozi wao. Tukio hili la pili halikuwa katika msimu wa masika. Baada yake korongo lilifungwa, na mwalimu anayepanga safari hana budi kuwauliza kwanza askari wa hifadhi kama njia iko wazi.

Dalili zenyewe ni chache na hutoa muda mfupi: maji kugeuka rangi ya tope, majani na vijiti kuanza kuelea, mngurumo kutoka upande wa juu. Anayekimbia kufuata mfereji hushindana na maji, naye hushindwa. Yampasa apande kando papo hapo. Kwa hiyo, wakati wa kuingia, kundi litazame kila mara mahali pa kupandia palipo karibu. Na palipo na vijiti vilivyokwama katika nyufa za ukuta, wanafunzi wapime kwa kamba toka chini hadi hapo. Kipimo hicho ni kimo cha maji ya mafuriko yaliyopita.