FRENI ZA MOTOKARI ZA FAHARI: FUNDI, LINDA MAPAFU NA VIDOLE VYAKO



Siku ya posho, mkitoka kazini, piteni kidogo katika njia za kambi. Mbele ya nyumba nyingi mtaona motokari imeinuliwa na kriki, gurudumu limelala chini, na fundi amepiga magoti. Zamani ilikuwa kamioneti ya jirani. Siku hizi ni Mercedes, BMW, Range Rover, mara nyingine hata Porsche, ambazo zilitembea miaka mingi katika nchi nyingine kabla ya kufika kwetu. Mwenye motokari anajua kwamba fundi wa atelie ya kompani ana mkono mzuri, na bei yake si ile ya garaji kubwa ya mjini. Hatumkatazi mtu kutafuta kitu cha kuongeza juu ya mshahara. Lakini katika dispanseri tumeanza kuona matunda ya kazi hizi za nyumbani, na ndiyo sababu leo tunazungumza juu ya freni.

Usiku mmoja waliniletea mfanyakazi, fundi wa miaka mingi, vidole vyake viwili vimepondwa. Nikamwuliza: «Baba, kriki iliteleza?» Akajibu: «Hapana. Freni ilifunga yenyewe, na ndani ya motokari hapakuwa na mtu.» Wale waliomleta walitazamana, wakafikiri maumivu yamemchanganya akili. Lakini alisema kweli kabisa. Tutarudi kwake.

Kwanza tujue freni inafanya nini. Inageuza mwendo kuwa joto, basi. Motokari ya kilo 2,000 ikikimbia kilometa 100 kwa saa, kisha fundi akaisimamisha, joto linalotoka katika freni linatosha kuchemsha maji baridi lita 2 na zaidi. Ikikimbia kilometa 200 kwa saa, joto halizidi mara mbili, linazidi mara nne: ni lita 9 za maji. Ndiyo maana motokari yenye nguvu inapewa diski kubwa, zenye matundu ya kupitisha hewa, na etrie zenye pistoni nne au sita. Katika kazi kali diski inaweza kupita digrii 500. Wenye kufunga plaketi za bei ndogo juu ya motokari kama hiyo, kwa kuwa tu zinaingia mahali pake, wanapaswa kukumbuka hesabu hii.

Joto hilo linafika mpaka katika mafuta ya freni, yale mnayoita likidi. Si mafuta ya kweli. Ni dawa inayovuta maji kutoka hewani, polepole, kupitia mipira na kifuniko cha tanki. DOT 4 ikiwa mpya haichemki kabla ya digrii 230. Ikiisha kunywa maji, inaweza kuchemka kwa digrii 155 tu. Ikichemka inafanya mvuke, na mvuke unabanika kama puto. Dereva anashuka mteremko mrefu, anakanyaga, pedali inakwenda mpaka chini, na motokari haisimami. Kwa hiyo likidi inabadilishwa kila miaka miwili, hata kama motokari inalala garajini siku nyingi. Kopo lililofunguliwa mwaka jana litupwe. Na usitie mafuta ya motere wala petroli katika tanki ile, hata tone moja: mipira yote inavimba na kuharibika.

Sasa tufike katika jambo linalonisumbua zaidi, yaani vumbi.

Sisi watu wa mgodi tunajua vumbi. Hakuna anayehitaji kufundishwa silikozi ni nini, wengi wetu tulimwona mzee mmoja akihema kwa taabu mbele ya mlango wake. Lakini mtu huyo huyo anayevaa maski chini ya mgodi bila kuambiwa, akirudi nyumbani anachukua kompresere, anapuliza ndani ya tambura ya freni, na wingu jeusi linampiga usoni. Watoto wamesimama pembeni wanatazama. Mama anapika mita tano kutoka pale.

Kwa miaka mingi plaketi na garnitiri za freni zilitengenezwa na amianti, jiwe linalopasuka kuwa nyuzi ndogo sana ambazo jicho halioni. Nyuzi hizo zinashuka mpaka ndani kabisa ya mapafu, na mwili hauwezi kuzitoa zote. Zinaleta ugonjwa wa mapafu kukauka, zinaleta kansa ya mapafu, na kansa nyingine ya ngozi inayofunika mapafu, inayoitwa mezoteliomu. Hazileti leo wala kesho. Kati ya siku ya vumbi na siku ya ugonjwa inaweza kupita miaka 20, 30, hata 40. Na mwenye kuvuta sigara juu ya amianti anazidisha sana hatari ya kansa ya mapafu.

Niseme kweli yote, nisiwatishe bure. Joto la freni linageuza sehemu kubwa ya amianti kuwa kitu kingine, hivyo vumbi la freni si kali kama vumbi la kiwanda cha amianti. Lakini sehemu inabaki, na mwenye kupuliza kwa hewa, au kusugua garnitiri mpya kwa msasa, au kuitoboa, anajitafutia nyuzi zenyewe. Umoja wa Ulaya ulikataza amianti mwaka 2005, Afrika ya Kusini mwaka 2008. Plaketi unazonunua sokoni bila karatasi, katika sanduku lenye jina lililoandikwa vibaya, nani atakuambia zimefanywa na nini? Jicho halitambui. Basi fundi afanye kana kwamba kila freni ina amianti. Hata vumbi lisilo na amianti lina chuma, shaba na vitu vingine ambavyo mapafu hayapendi.

Dawa yake ni maji, kitu rahisi. Weka beseni chini ya freni. Changanya maji na sabuni kidogo katika chupa ya kunyunyizia, lowesha kila kitu polepole kabla ya kugusa, na katika tambura ingiza maji pembeni kabla ya kuivuta. Pangusa kwa kitambaa chenye maji. Kitambaa na matope yake vifungwe katika mfuko wa plastiki, visitupwe juani vikakauka na kuwa vumbi tena. Kompresere ikae mbali, ufagio mkavu pia. Kitambaa kilichofungwa puani hakisaidii. Ile maski ya FFP3 ndiyo inayokamata nyuzi.

Mama wa nyumba, neno hili ni lenu. Mwaka 1965 mjini London, waganga wawili waliandika juu ya wagonjwa wa mezoteliomu. Kati ya wagonjwa walikuwamo wanawake ambao hawakufanya kazi ya amianti hata siku moja: walikuwa wanafua nguo za bwana zao. Ovaroli ya freni isikung'utwe mlangoni. Iloweshwe kwanza katika ndoo yake peke yake, ndipo ifuliwe, mbali na nguo za mtoto. Na baba asimbebe mtoto kabla ya kuoga, hata kama mtoto analia kumkimbilia. Najua ni vigumu.

Turudi kwa yule mwenye vidole. Motokari ilikuwa Mercedes ya daraja E, ya mwaka 2004. Mercedes ilitia katika SL tangu 2001, na katika daraja E tangu 2002 mpaka 2006, freni inayoitwa SBC. Hapo mguu wa dereva hausukumi likidi moja kwa moja. Kompyuta ndiyo inayosukuma, kwa pompa ya umeme na chupa inayotunza nguvu, zaidi ya bari 100. Gurudumu la kamio kubwa lina bari 8 hivi, mnaona tofauti. Kiwanda chenyewe kiliziita motokari karibu 680,000 mwaka 2004, na milioni 1.3 mwaka 2005, ili zikaguliwe. Jambo la hatari kwa fundi ni hili: mtu akifungua mlango, au akibonyeza ufunguo tu, kompyuta inaamka, inajipima, na plaketi zinafunga diski kwa nguvu hiyo. Mwana wa mwenye motokari alikwenda kuchukua telefoni yake ndani. Akafungua mlango. Vidole vya fundi vilikuwa kati ya plaketi na diski.

Freni hiyo inazimwa na mashini ya kupimia, ile mafundi wanayoita valizi. Kuweka ufunguo mfukoni hakutoshi. Kama huna valizi, kataa kazi. Vilevile freni ya mkono ya umeme, ambayo motokari nyingi za fahari zinayo: kuna motere ndogo juu ya etrie ya nyuma, nayo inapaswa kurudishwa kwa valizi kabla ya kubadilisha plaketi. Ukisukuma pistoni kwa nguvu unavunja motere, na ikiamka unapoteza kidole.

Juu ya kriki nitasema kifupi: kriki ni ya kuinua, si ya kushikilia. Weka chandele. Motokari zenye amortisere za hewa zinaweza kushuka zenyewe.

Kuna pia makopo ya kusafishia freni. Mengine yana klorini ndani yake. Fundi akinyunyiza, kisha akasudia chuma kabla hakijakauka, moto wa arki unageuza mvuke ule kuwa fosijeni, gesi iliyoua askari katika vita ya 1914-1918. Mtu anakohoa kidogo, anajiona mzima, anakwenda kulala, na saa nyingi baadaye mapafu yanajaa maji. Akivuta moshi huo apelekwe hopitali palepale, hata kama anasema si kitu.

Na likidi inayobaki, mnaiweka wapi? Nimeiona katika chupa ya Fanta, chini ya meza, karibu na mahindi. Ni sumu. Mtoto akinywa anaonekana kama amelewa, halafu analala, na familia inafikiri amechoka. Siku moja au mbili baadaye mafigo yanakufa. Msimtapishe, msimpe maziwa wala mafuta ya mawese. Mkimbilie hopitali na mtoto, na chupa yenyewe mkononi, ili mganga asome ni likidi gani. Ikimwingia mtu machoni, mwagia maji safi dakika 15 bila kusimama, kisha njooni kwetu, mlango wa dispanseri uko wazi usiku pia.

Mwisho, kwa wale mafundi wazee. Ukija kwetu na kikohozi kilichopita wiki tatu, mganga atakuuliza ulifanya kazi miaka mingapi chini ya mgodi. Mwambie pia miaka ya freni mbele ya nyumba, kwa sababu hiyo haimo katika kitabu chako cha kazi.