Bei ya haki hutafutwa kabla ya kufika yadi

Mwezi wa Rajabu uliopita, baada ya sala ya Isha, kamati ya msikiti wetu ilikaa kwenye majamvi ya nyuma kuhesabu fedha za gari. Kwa miaka mitatu waumini walikuwa wakichanga ili msikiti uwe na gari lake la kubebea maiti na, katika siku za wiki, kuwachukua watoto wa madrasa wanaokaa mbali. Zilikuwemo noti nyekundu za wafanyabiashara, na zilikuwemo noti chakavu za mama mmoja muuza vitumbua, ambaye kila Ijumaa alileta shilingi 1,000 na kutaka ziandikwe kwa jina la marehemu mumewe. Jumla ilifika shilingi milioni 43 na laki mbili. Mweka hazina alifunga daftari, tukatazamana. Kila mmoja wetu aliwahi kununua kitu cha thamani kwa fedha zake. Hakuna aliyewahi kununua gari kwa fedha za watu wengine.

Asubuhi ya Jumamosi iliyofuata tulikwenda yadi moja ya magari hapa Dar es Salaam, watu watano, tukiwa na kanzu zetu na nia njema. Tulikuta Toyota Hiace nyeupe iliyotoka Japani, imesuguliwa ikang'aa. Kijana wa yadi alitupokea kwa bashasha: "Karibuni mashehe wangu, hii imewasubiri nyinyi." Bei yake, alisema, ni milioni 46. Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoboa siri, kwamba kuna mteja mwingine anakuja saa nane mchana na fedha taslimu. Tukiweka arbuni ya milioni mbili atamzuia.

Tunakiri kwamba mkono wa mmoja wetu ulikuwa umeshaingia mfukoni. Aliyetuokoa ni mweka hazina, mtu mpole asiyependa maneno mengi. Aliuliza: "Mwanangu, hiyo milioni 46 imetokana na nini?" Kijana akacheka. "Shehe, ndiyo bei ya soko." Hapakuwa na hata mmoja kati yetu aliyeweza kumkanusha wala kumsadiki, kwa kuwa hatukuijua bei ya soko. Tukaaga, tukarudi kwa daladala.

Usiku ule tulifungua vitabu tulivyosomea chuoni, tukakutana na jambo tulilolipita haraka tulipokuwa wanafunzi. Wanazuoni wa madhehebu ya Imamu Shafii, yanayofuatwa na wengi katika mwambao huu, wanasema kwamba mnunuzi aliyetozwa bei kubwa kupita kiasi, bila ya kufichwa aibu ya kitu wala kuhadaiwa, hana haki ya kurudisha kwa sababu ya bei peke yake. Sababu wanayoitaja ni uzembe wake: alikuwa na nafasi ya kuuliza na hakuuliza. Wapo wanazuoni wa madhehebu mengine waliomhurumia zaidi. Lakini sisi tulijiona wazi katika ile hukumu. Tulikuwa karibu kutoa amana ya watu kwa sababu kijana ametuita mashehe wake.

Basi tulianza kuuliza. Ndugu msomaji, bei ya gari lililotumika, linaloletwa kutoka nje, si fumbo kama tulivyodhani. Ina sehemu zinazohesabika. Kuna bei ya gari lenyewe kule Japani pamoja na nauli ya meli na bima ya safari, ambayo makampuni ya kuuza magari huitangaza kwenye mtandao kwa kila gari, picha zake na mwaka wake. Kuna kodi za serikali: ushuru wa forodha, ambao kwa magari ya kawaida ni asilimia 25, ushuru wa bidhaa unaofuata ukubwa wa injini, nyongeza kwa gari kuukuu, kisha VAT ya asilimia 18. Kuna gharama za bandari, za wakala wa forodha na za usajili. Mamlaka ya Mapato (TRA) imeweka kwenye tovuti yake kikokotoo cha magari yaliyotumika: unaingiza aina ya gari, mwaka lilipoundwa, mafuta linayotumia na ukubwa wa injini, nacho kinakuonyesha thamani inayokadiriwa na kodi yake yote. Binti wa mjumbe mmoja, mwanafunzi wa kidato cha tatu, alitufanyia hesabu hiyo kwa simu ya baba yake kabla maji ya chai hayajachemka.

Kwa Hiace ya namna ile na mwaka ule, jumla ilitujia karibu na milioni 37 na nusu. Mzee mmoja wa kamati alipiga paja: "Kumbe anatunyonya milioni nane na nusu!" Hapo ilitubidi twende taratibu. Mwenye yadi analipa kodi ya kiwanja, anamlipa mlinzi, na fedha zake zimelala ndani ya bati lile kwa miezi kadhaa akingoja mnunuzi. Laiti tungeagiza wenyewe, sisi ndio tungengoja meli na kubeba hatari ya kupokea gari tusilolitarajia. Faida ni haki yake, na sheria haikuiwekea kiwango. Watu walipomwomba Mtume (Rehema na Amani zimshukie) awapangie bei wakati vitu vilipopanda Madina, alikataa, akaogopa kukutana na Mola wake hali ya kuwa amemdhulumu mtu. Tulichokipata kutokana na hesabu ni sakafu. Chini ya milioni 37 na nusu tungekuwa tunamwomba mtu auze kwa hasara. Juu yake kulikuwa na uwanja wa kuzungumza.

Tulikwenda yadi tatu nyingine na kila mahali tuliomba bei kwa maandishi, yenye namba ya chasisi, na yenye maelezo kama usajili umo au haumo. Neno hili "umo au haumo" lilikuwa na thamani kubwa kuliko tulivyofikiri, kwani yadi moja iliyotaja milioni 44 ilikuwa haijahesabu usajili, na nyingine ya milioni 45 na nusu ilikuwa imeuhesabu pamoja na matairi mapya. Ya tatu ilitaja milioni 42. Tulifurahi, hadi fundi wetu alipoomba karatasi ya mnada. Magari mengi yatokayo Japani hupita kwenye minada, na wakaguzi wa huko huandika alama ya kila gari: 4 na nusu ni gari zuri sana, 3 na nusu ni la wastani, na herufi R humaanisha liliwahi kuumia na kutengenezwa. Karatasi ya gari lile ilikuwa na R. Muuzaji, tunamshukuru, hakuificha. Alikuwa tu anangoja aulizwe.

Kwa hiyo baada ya wiki mbili tulirudi kwenye ile Hiace nyeupe. Mteja wa saa nane, kwa kudra ya Mwenyezi Mungu, alikuwa bado hajafika.

Nje ya geti, chini ya mwarobaini, palitokea mzozo ambao ndio hasa uliotufanya tuandike makala haya. Yule mzee wetu alitoa shauri: "Mwambieni yadi ya jirani inatupa kama hii kwa milioni 39. Atashuka mwenyewe." Tukamwambia hakuna yadi iliyotupa bei hiyo. Akajibu kwamba yule kijana naye alitudanganya juu ya mteja, na kwamba vitani hadaa inaruhusiwa. Tukamuuliza, je, tuko vitani? Akasema, kwa uchungu ambao hatukuudharau: "Mimi natetea shilingi elfu moja za mama wa vitumbua. Nyinyi mnatetea nini?"

Lilikuwa swali zito. Kuna wengi katika jamii yetu wanaoona uongo wa muuzaji ni dhambi na uongo wa mnunuzi ni ujanja. Lakini Hadithi iliyopokewa na Hakim bin Hizam, ambayo kila mwanafunzi wa fiqhi anaijua, inawataja wawili kwa pamoja: wakisema kweli na kubainisha, hubarikiwa katika biashara yao, wakificha na kusema uongo, baraka hufutwa. Katika muamala huu, mwenye kauli ya kwanza juu ya baraka tulikuwa sisi, maana gari lenyewe lilikuwa la kubebea maiti. Tulikubaliana kuingia na karatasi zetu za kweli, na mzee akakubali kunyamaza, ingawa hakukubali hoja.

Tulitaja milioni 40 na tukaeleza tumeifikiaje. Tuliweka mezani ile hesabu ya kodi na bei za yadi nyingine tukiwa tumefunika majina. Mwenye yadi aliitwa. Akaja mtu mzima, akavaa miwani, akazisoma zote. Hakucheka kama kijana wake. Alisahihisha gharama moja ya bandari tuliyoiandika pungufu, na alikuwa sahihi. Kisha akauliza: "Na hii ya 42, mbona hamkuichukua?" Hapo tulijua tumefungua kifua. Tungeweza kusema tunaifikiria. Tulisema liliwahi kupata ajali. Akatabasamu, akajua hatuna pa kukimbilia, akakaa kwenye milioni 43 kwa muda wa nusu saa nzima.

Kishawishi kingine kilitujia wakati huo, nacho hatukukitazamia. Mmoja wetu alianza kusema: "Lakini mzee wetu, hili ni la msikiti, ni la maiti, chukua thawabu." Mwenye yadi aliinamisha macho. Tuliomba tukomee hapo. Kumwomba mtu apunguze si vibaya, na Mtume (Rehema na Amani zimshukie) mwenyewe alipatana na Jabir bin Abdillah bei ya ngamia njiani. Tena walipofika Madina akamlipa bei yote na kumrudishia ngamia wake. Lakini kumbana mtu mbele ya kanzu tano hadi aone haya kukataa ni jambo jingine, na wanazuoni wametahadharisha juu ya mali inayochukuliwa kwa upanga wa haya. Jarir bin Abdillah, ambaye mtumwa wake alimnunulia farasi kwa dirhamu 300, alimwambia mwenye farasi kwamba mnyama wake anafaa zaidi ya hapo, akapandisha mwenyewe mpaka 800, kwa kuwa aliahidi kumtakia mema kila Mwislamu. Hatudai kuwa tuna moyo wa Jarir. Tulimwambia mwenye yadi kwamba akitaka kutoa sadaka, kisanduku kipo msikitini, na hapa tuzungumze gari.

Alishuka mpaka milioni 41 na laki nane, usajili ukiwemo, kadi ikitoka kwa jina la wadhamini wa msikiti. Akasema, kama tukitaka, risiti inaweza kuandikwa kiasi pungufu naye atatoa laki tano zaidi. Tulitaka risiti ya EFD yenye bei ile ile tuliyolipa. Hakusisitiza.

Kuhusu arbuni tulikuwa tumejiandaa. Neno lenyewe tumelirithi kutoka kwenye Kiarabu, na hukumu yake ina khitilafu: wengi wa wanazuoni wamezuia muuzaji kubaki nayo mnunuzi anapoghairi, na Imamu Ahmad ameiruhusu. Mkataba wa yadi ulisema hairudishwi kwa hali yoyote. Tuliomba kiongezwe kifungu kimoja: tuna siku tatu za kulijaribu gari na kulipeleka kwa fundi wetu, na likionekana na kasoro ambayo haikutajwa, fedha zote zirudi. Siku tatu ndiyo hiari ya sharti tuliyosoma chuoni, ile ambayo Mtume (Rehema na Amani zimshukie) alimfundisha sahaba aliyekuwa akipunjwa kila anunuapo. Mwenye yadi aliandika kwa mkono wake na kutia sahihi. Familia inayonunua gari kwa mafao ya mstaafu, nayo inaweza kuomba sentensi hiyo kabla ya kufungua pochi. Ni wino kidogo tu. Na wanaonunua kwa malipo ya kila mwezi wasikubali kuzungumzia rejesho la mwezi peke yake. Waulize jumla ya bei hadi shilingi ya mwisho, iwe moja tu, na iandikwe kabla ya kuachana.

Fundi aliliwasha gari alfajiri likiwa limepoa, akatazama moshi, akafungua kifuniko cha oili, akalala chini yake na tochi. Injini aliisifu. Matairi hakuyasifu. Alituonyesha namba nne pembeni mwa tairi, 1416, yaani wiki ya 14 ya mwaka 2016, na nyufa nyembamba zilizofichwa na rangi nyeusi ya kung'arisha. Haikuwa kasoro ya kuvunja mkataba, nasi tungeweza kuiona siku ya kwanza kama tungeinama. Tulibakiwa na milioni moja na laki nne. Matairi manne yalichukua 1,120,000, na 280,000 zilizosalia ziliingia kwenye bima.

Hesabu zote zimebandikwa kwenye ubao karibu na mahali pa kutawadhia. Yule mzee huwaambia wanaosimama kuzisoma kwamba ukweli wa vijana wa kamati uliugharimu msikiti laki nane. Huenda ni kweli. Yeye ndiye aliyejitolea kuliendesha gari, na Jumatatu iliyopita alilipeleka makaburini kwa mara ya kwanza.